Tairi Lililopelekwa Tarime

Mtu akikuachia ng'ombe wake umtunzie, kwa watu wa kina Mogesi, hakulipi kwa siku. Maziwa unakunywa wewe, mbolea inakwenda shambani kwako, na ng'ombe akizaa vizuri mwenyewe atakukumbuka kwa ndama. Lakini ng'ombe yule akifa, tuseme kagongwa na nyoka au kaliwa na fisi, hapo ndipo utajulikana ni mtu wa namna gani. Unachuna ngozi. Unaibeba mwenyewe mpaka kwa mwenye mali, ufike kabla hajasikia habari kwa watu wengine, halafu unaitandika mbele yake. Akishaitazama na kuipapasa anasema, "Nimeiona." Basi, yamekwisha. Mnakula pamoja, na mwakani huenda akakuletea ng'ombe mwingine. Asiposema neno hilo, hata kuku hutaachiwa tena.

Nimeanza na hayo, ndugu zangu, ili msije mkamcheka Mogesi mapema.

Mogesi Mwikwabe alitoka Tarime akiwa kijana, akaja upande wa Ikoma kufyeka barabara, akaoa, akazeekea huko huko. Kazi aliyodumu nayo ni ya kiwanja cha ndege. Msifikirie kiwanja chenye vioo na ngazi za umeme. Ni uwanda wa udongo mweusi uliosawazishwa na greda, una kibanda cha mabati pembeni na kitambaa cha kuonyesha upepo juu ya mti. Ndege ndogo ikisikika, Mogesi anapanda baiskeli na kuuzunguka uwanja wote akipiga kelele, anafukuza pundamilia na swala. Ikishatua anaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, anaifunga kamba, kisha anachukua panga na kwenda kukata matawi ya mgunga. Miiba ile anaizungushia kila tairi, kama boma. Fisi wa Ikoma wanapenda mpira kuliko watoto wanavyopenda muwa.

Zamani, kiwanja kilipokuwa cha kambi ya wageni, marubani walimpa chochote: soksi, sabuni, mara nyingine shati. Baadaye kampuni moja ya mjini ikakikodi. Lilikuja bango lenye ada ya kutua, ada ya maegesho kwa siku, na chini yake ada ya huduma. Mogesi alimuuliza msimamizi wake, Erasto, kijana mpole aliyekuwa na ofisi Mugumu:

"Hii huduma ni kitu gani?"

"Huduma ni wewe, mzee wangu."

"Mimi?"

"Wewe, na baiskeli yako na hilo panga."

Mogesi alicheka siku nzima. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, Mokami, amwitikie kwa adabu, maana sasa anaongea na huduma.

Katika marubani wote, Mogesi alimpenda zaidi Abdurahmani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tarime. Babu zake walitoka pwani na biashara, yeye kazaliwa Tarime, Kikurya anakiongea mpaka matusi yake. Alijifunza kurusha ndege akiwa mtu mzima, akanunua kindege cha viti vinne kilichokwisha kutumika, na watu wa sokoni wakambatiza jina la Mwewe. Kila akitua huanza na, "Shikamoo, tata," yaani baba, naye Mogesi humwitikia kama kijana wake, "Marahaba, mura. Leo umetua kama mwanamume. Juzi ulitua kama kuku."

Masika haya Abdurahmani alimleta mama yake, Bi Kuruthumu, aone tembo. Mama aliwaona, akasema wanatosha, arudishwe nyumbani. Lakini mvua ilishashuka, na udongo mweusi wa kule ukilowa unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Ndege haikuweza kuruka. Ikabidi mama na mwana waondoke kwa gari.

Kabla hawajaondoka palitokea maneno. Erasto alikuwa amefika kwa pikipiki, kachafuka hadi kofia, akaeleza kwamba ada ya maegesho itaendelea kuhesabiwa kila siku mpaka ndege iondoke.

"Ngoja kwanza," Abdurahmani alisema. "Uwanja wenu, tope lenu, halafu ada yangu?"

"Bosi, tope limeletwa na Mungu. Ada imeletwa na ofisi. Mimi nipo hapo katikati nalowa tu."

"Basi iambie ofisi yako, siku nitakayoona huduma ndiyo siku nitakayolipa."

Akageuka, akamshika Mogesi mkono kwa mikono yake miwili. "Tata, nakuachia ndege yangu."

Mogesi alijibu, "Itakaa kama ng'ombe wako."

Abdurahmani alidhani ni maneno ya kuagana.

Mvua haikukoma. Mogesi alikata miiba, akaipanga, akaiongeza, akazoea hata kuisemesha ile ndege anapoipita. Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha, maji yakatafuta njia yao na kupita katikati ya uwanja, na asubuhi Mogesi aliona kijito pale ambapo hapakuwa na kijito. Kilikuwa kimepita chini ya bawa la kulia na kusomba miiba yote ya upande ule. Ndege iliegemea huko, kama mtu aliyeteguka mguu. Tairi lilikuwa limetafunwa mpaka nyuzi za ndani zinaning'inia, na nyayo za fisi zimejaa maji.

Alikaa chini kwenye tope. Halafu akainuka akaenda kumwita Mokami.

Mokami aliliangalia lile tairi muda mrefu. "Umempigia Erasto?"

"Simu haishiki."

"Na hata ikishika," Mokami alisema, "mali ni ya Erasto?"

"Si ya Erasto."

"Basi unajua pa kwenda."

Alijua. Alikwenda kwenye hoteli ya wageni iliyo karibu, akamuomba dereva mmoja, Vedasto, jeki na spana. Vedasto alikuja akicheka, akaacha kucheka alipoona sura ya mzee. Waliinua ndege polepole, wakafungua gurudumu, wakasimamisha mguu wa ndege juu ya gogo la mkarati. Mogesi akakata miiba mipya akazungushia yale mawili yaliyobaki, na gogo nalo akalizungushia, sijui kwa nini. Tairi akalitia kwenye gunia, akavaa koti lake la kanisani, akaenda Mugumu kupanda basi.

Basi la Tarime linapita Nyamongo, kwenye mgodi. Alilipakata gunia njia nzima. Pale Kewanja walipanda vijana wa machimboni, wachangamfu, mmoja akachungulia.

"Mzee, toroli lenyewe umeliacha wapi?"

"Si la toroli. Ni tairi la ndege."

Basi zima likalipuka kwa kicheko. "Ndege! Jamani, mzee kashukia angani, kabaki na gurudumu!"

"Kondakta, muulize rubani kama tumefunga mikanda!"

Mogesi naye alicheka kidogo, kwa heshima ya watu. Mtu aliyebeba ngozi haulizwi hivyo. Lakini wao wangejuaje? Ngozi yake ilikuwa ya mpira.

Tarime alimkuta Abdurahmani dukani, kati ya mabati na makopo ya rangi. Bi Kuruthumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe mtu wa tembo! Karibu, karibu."

"Shikamoo, tata," Abdurahmani alisema, akitoka nyuma ya meza. "Vipi huko? Tope limekauka?"

Mogesi alifungua gunia, akatoa tairi, akalilaza sakafuni mbele ya miguu ya Abdurahmani. Akarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa.

"Maji yalisomba miiba," alisema. "Fisi wakala. Mimi nilikuwepo, na sikuona. Limebaki hili."

Abdurahmani alichuchumaa. Alinyoosha mkono kulipapasa, na Mogesi akavuta pumzi. Lakini mkono haukufika. Ulirudi, ukaingia mfukoni, ukatoka na simu. Akalipiga picha tairi, huku na huku, kwa mbali na kwa karibu. Kisha akatoka nje kuongea na mtu, wakamwona kupitia mlangoni akitembea huku na kule, akiitikia, "Ndiyo, wakili. Ndiyo. Mlinzi wao mwenyewe."

Aliporudi uso wake uling'aa. "Tata, umenisaidia kuliko unavyojua."

"Nimekuletea hasara, mura. Nimekusaidia nini?"

"Hawa watu wananidai maegesho ya siku zote hizo, na huduma ya ulinzi juu. Mimi nasema hakuna huduma. Wakili akaniambia nitafute ushahidi. Leo ushahidi umeingia wenyewe dukani!"

Mogesi alifikiri kidogo. "Lakini huduma ni mimi."

"Hapana, tata, siyo wewe. Ni kampuni."

"Kampuni haijui hata mgunga ulipo. Miiba nimekata mimi."

Muuza misumari wa duka la pili alipita akasalimia, hakuna aliyemwitikia.

"Sikutaka kitu kingine," Mogesi alisema. "Nataka neno tu, nirudi kwangu."

"Najua unachongojea," Abdurahmani alisema taratibu, kwa Kikurya sasa. "Nimekulia hapa, sikukulia Ulaya. Lakini nikisema nimeliona na yamekwisha, yatakuwa yamekwisha hata kwao. Watasema mwenye ndege kasamehe, alipe. Wakili kanikataza nisitamke. Nivumilie kidogo, kesi iishe, nitakuja mpaka nyumbani kwako niseme."

"Ngozi haingojewi, mura. Inaoza."

Bi Kuruthumu, ambaye Kikurya alikisikia vizuri, aliweka ungo chini. "Wewe Abdurahmani! Mtu mzima katoka Ikoma na gurudumu mapajani, unamnyima neno moja? Sema!"

"Mama, huelewi mambo ya kesi."

"Basi mimi nimeliona. Mogesi, umesikia? Nimeliona, na nimeridhika kabisa."

Mogesi alimwinamia. "Asante sana, mama yangu. Mungu akuweke." Na alishukuru kweli. Ila wote watatu walijua kwamba ndege haikuwa ya mama.

Wali ulikuja, wa nazi, na nyama. Mogesi aliona aibu kuukataa, aliona aibu pia kuula. Tonge halijafika mdomoni simu yake ikalia. Alikuwa Erasto.

"Mzee wangu, umefanya nini? Picha zimefika makao makuu. Umefungua gurudumu la ndege ya mteja bila ruhusa, ukampelekea mtu tunayezozana naye!"

"Nilikupigia, simu haikushika. Na mali si yako, Erasto. Nimeipeleka kwa mwenyewe, kama ngozi."

Erasto ni mtoto wa kabila la Wanata wa huko huko, babu yake alikuwa na mifugo mpaka ya kuachia wengine. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimekuelewa, mzee. Naapa nimekuelewa. Lakini hilo nitaliandikaje kwa watu wa mjini? Wamesema usisogelee ndege wala kiwanja mpaka jambo hili liishe. Sina la kufanya."

"Na miiba?"

"Sijui, mzee."

Abdurahmani alimpa nauli na kilo kadhaa za misumari. Tairi lilibaki Tarime, stoo, limefungwa kwenye nailoni ili lisiguswe.

Sasa kiwanjani yupo mlinzi mwenye sare, Joram, kijana wa Morotonga. Ndege imezungushiwa utepe wa rangi mbili, miiba ya zamani imekauka na kulala chini, na gogo limeanza kuchipua uyoga. Tope limekauka siku nyingi, nyasi zimefika chini ya pangaboi. Ada inaendelea kuhesabiwa mjini na wakili anaendelea kuandika Tarime. Erasto akipita kwa pikipiki anapunga mkono bila kusimama. Na huko vijijini watu wameshasikia kwamba Mogesi alipeleka ngozi, ikapokelewa, na neno halikusemwa. Jirani aliyekuwa ameahidi kumwachia mtamba kabla ya kwenda kwa wanawe amempeleka mtamba kwa mtu mwingine. Hakutoa sababu, na Mogesi hakumuuliza.

Bado anakata miiba. Kila jioni jua likiwa bado lipo, analeta mzigo mmoja, anautua nje ya utepe.

"Mzee, unanitafutia maneno," Joram humwambia.

"Basi iweke wewe."

"Nimeambiwa kisiguswe kitu. Mimi mwenyewe silali hapa, jioni narudi kulala kwenye geti la hifadhi. Nifanyeje?"

Miiba inakaukia hapo, mzigo juu ya mzigo, imekuwa boma zuri kabisa lisilo na kitu ndani yake.

Asubuhi moja juma lililopita Mogesi alikuta tairi la kushoto nalo limeliwa. Ndege ilikuwa imekaa kwa tumbo upande ule, bawa linagusa nyasi. Joram alikuwa amesimama, kashika kiuno. Mogesi alifika mpaka kwenye utepe, akasimama.

"Na hili nani atalipeleka?" aliuliza.

"Limeshafika, mzee. Nimewatumia picha, ofisini na kwa mwenye ndege."

"Wamesema nini?"

Joram alitazama simu yake, akaiinua juu kutafuta mtandao, akaitazama tena.

"Bado."

Mogesi alisubiri. Pundamilia walikuwa wameingia uwanjani, wanakula nyasi katikati kabisa ya njia ya kurukia. Mkono wake ulitafuta baiskeli, akakumbuka kuwa ameiacha nyumbani, na kwamba kuwafukuza si kazi yake tena. Akakaa kwenye miiba iliyokauka, pale penye nafasi, akaendelea kusubiri.