Nilipaka Mawese, Shemeji Akaitwa Mwizi

Jumanne, mwezi wa saba. Tangu asubuhi ukungu ulifunika Likasi, baridi inauma mpaka kwenye meno, na jua tumeliona saa tano tu.

Kosa ni langu. Ninaanza na hilo nisije nikalificha tena. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri kwa masista, mtanisamehe maandishi. Majina nimeyageuza.

Bwana yangu anachomelea vyuma kwenye kampuni ya serikali. Mwaka jana, alipopata congé, likizo yake, alitengeneza mashine ya kuoshea dhahabu: pipa lenye matundu, la kuzungusha kwa mkono, na chini yake mfereji wa mbao uliotandikwa vipande vya zulia. Mchanga unapita na maji, dhahabu inanaswa kwenye nyuzi za zulia. Uzuri wake, inafunguka vipande vinne. Tuliifunga kwenye baiskeli mbili tukapanda nayo milimani, siku mbili za kusukuma, mpaka kwenye kijito ambacho maji yake, ee Mungu wangu, yalikuwa kama kisu!

Tulikuwa watatu: bwana yangu, mdogo wake Ilunga, na mimi. Wao walichimba na kuzungusha pipa. Kazi yangu, kila jioni, ilikuwa kukung'uta vile vipande vya zulia ndani ya beseni la maji.

Siku ya kwanza bwana yangu alinionya:

— Mama Ngoy, sikia. Mafuta, hata kidogo, hapana. Hii dhahabu ni ya unga. Ikionaka mafuta inaelea, inaenda na mayi.

— Dhahabu, na uzito wake wote? Weye unanichekesha!

— Acha ielee, shemeji, Ilunga akasema. Samaki za Lualaba zitavaa meno ya dhahabu!

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sikuamini.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipima kwa vijiti vya kiberiti, kama wanavyopima watu wa dhahabu: upande mmoja wa mizani dhahabu, upande mwingine vijiti. Vinane! Wiki ya pili mikono yangu ilipasuka, kila kidole na kidonda chake, damu inatoka. Nilikuwa na kichupa cha mawese ya kupikia. Nikapaka. Siku ya kwanza kidogo, siku zilizofuata mpaka kwenye viwiko. Mikono ileile nikaiingiza kwenye beseni.

Niliona juu ya maji utando mwembamba wa mafuta, na ndani yake vinang'aa vipunje. Nikajiambia ni mwanga wa jua tu. Nikamwaga kijitoni. Siku sita nilimwaga!

Jumamosi vijiti vilikuwa viwili.

— Ilunga, nani alikuwa analala pa mashine?

— Ni miye, yaya, Ilunga akamjibu kaka yake. Njo weye uliniambia nilale pale.

— Dhahabu iko wapi?

— Nipekue, yaya. Nipekue mpaka mu viatu!

Alimpekua, hakuona kitu. Basi akasema ameimeza. Kusema haki, bwana yangu hakumshuku bure. Ilunga alikuwa na tabia ya kuchukua bila kuomba: sabuni, sigara, hata soksi. Lakini yaliyofuata! Siku mbili nzima kaka yake alimfuata porini kila mara alipokwenda kujisaidia, na kijiti mkononi cha kuchakura. Mtu na mdogo wake, tumbo moja! Ilunga aliniangalia mara moja tu. Nikainama, nikakoroga sufuria.

Jioni ya kwanza ya siku zile nilichukua vumbi kidogo la dhahabu kwa kidole chenye mawese, nikalitia kwenye kikombe cha maji. Likaelea. Basi nilijua. Na bado nilikuwa na siku nzima ya kusema! Sikusema. Je, nilimwogopa bwana yangu? Hajawahi kunipiga, siwezi kumsingizia. Nafikiri nilikataa tu kuitwa mjinga. Aibu ndogo vile!

Siku ya tatu Ilunga alikunja blanketi lake, akashuka mlima bila kuaga. Tulisikia yuko Kakanda. Mama yao ananiuliza kila Jumapili misa ikiisha: "Mtoto wangu alikosa nini?" Ninamjibu sijui. Nimesimama mlangoni mwa kanisa, ninamjibu sijui!

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia bwana yangu yote, mawese, beseni, kikombe.

— Mwaka muzima ulinyamaza. Leo njo unakumbuka mafuta?

— Nilikuwa na woga, baba Ngoy.

— Hapana. Kumbe mulikuwa wawili! Alikugawia ngapi?

Jamani! Ningemwonyesha kwenye kikombe, lakini dhahabu iliuzwa zamani, na lile pipa limekuwa jiko la jirani. Hata mimi mwenyewe kuna saa ninajiuliza: labda mchanga wa wiki ile ulikuwa mbaya? Labda nusu mafuta, nusu mchanga? Sijui. Ninachojua ni kwamba Ilunga hakuiba.

Nilimtuma dereva mmoja anayekwenda Kakanda ampelekee neno langu. Jana amerudi nalo. Ilunga aliondoka kule kabla ya Pasaka, na hakuna anayejua alielekea wapi.

Mama unayesoma haya, baba unayesoma haya, kosa lako liseme siku ileile, yule anayelibeba akiwa bado amesimama mbele yako. Usingoje mpaka upate ujasiri. Mimi nilingoja, na sasa nasema kweli, lakini nyumbani kwangu ninaitwa mwizi wa pili, na sina la kufanya.

Jioni hii nimepika bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Watoto wamekula pamoja nami jikoni. Bwana yangu amekula mkate aliojinunulia mwenyewe.