Nilivyolegeza springi za mbele za lori la Baba Eliya ili mama afike hospitali

Wakuu, poleni na majukumu. Wa rika langu humu ndani najua hatujazi hata benchi moja, kwa hiyo nawapa marahaba yenu kabisa kabla hamjaniamkia.

Nimesoma ule uzi wa vijana mnaobishana kuhusu kuongeza wheel travel kwenye magari ya off-road. Kurasa kumi na mbili mnatukanana kwa ajili ya springi. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Hiyo kazi mimi niliifanya Kariakoo miaka ya hamsini, wengi wenu hata baba zenu hawajazaliwa. Naandika kwa kidole kimoja na miwani inateleza, kwa hiyo mwenye haraka apite tu. Nitakayosema yalitokea, pamoja na yale ya kuniaibisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa magari, na kichwa kikubwa kuliko kofia yangu.

Gereji yetu ilikuwa uwani, upande wa Mchafukoge. Tulikuwa wawili tu. Mimi chini ya gari, na Kanjibhai kwenye moto wa mkaa. Huyu alikuwa Mhindi, Baniani mtaratibu sana, mhunzi wa springi. Shuka lake jeupe la kujifunga kiunoni halikuwa na doa hata moja, na sijui alifanyaje kwenye ile oili yote.

Kariakoo ya wakati ule msiifananishe na hii ya maghorofa. Mitaa mchanga mtupu, nyumba za udongo na bati, kila nyumba na baraza yake. Asubuhi unamsikia muuza kahawa anagonganisha vikombe unajua umechelewa kazini. Kwenda Posta ilikuwa safari, unavaa shati lililopigwa pasi hata kama unakwenda kununua stempu moja. Naikumbuka mpaka roho inauma.

Basi, mama yangu alikuwa kijijini, ndani kabisa ya Kisarawe. Akateleza njia ya kisimani, akavunjika nyonga.

Wakamfunga kienyeji, haikuunga. Wiki ya tatu ikaanza homa. Daktari mmoja niliyemweleza pale mjini akasema mlete haraka, akiendelea kulala huko utampoteza.

Wakampakia kwenye basi. Shimo la kwanza akalia. La pili akalia. La tatu akamshika kondakta mguu, akamwambia, "Mwanangu, nishushe nife kwetu." Wakamshusha, wakamrudisha kwa kitanda mabegani. Akaapa hapandi gari tena.

Nilipoletewa habari hizo nilikaa barazani nikalia. Sioni haya kusema.

Gari la wagonjwa kule halifiki, mvua zilikuwa zimeshaanza. Lori pekee nililolijua linaloweza kupita lile tope lilikuwa la Baba Eliya, Mchaga aliyekuwa akiuza maharage sokoni. Lilikuwa lori la kijeshi lililobaki baada ya vita, linavuta magurudumu yote manne, kabini yake ya turubai. Kupita lilikuwa linapita popote. Lakini gumu kama jiwe.

Hapo ndipo kichwa changu kikubwa kikafanya kazi. Mkuu, gari likiwa gumu, gurudumu haliingii shimoni, linarukia. Ukilipa nafasi ya kushuka na kupanda, shimo linamezwa na springi na wewe juu unatulia. Ndiyo hiyo wheel travel mnayotukania watu.

Nikaenda kumwomba Baba Eliya. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta maharage.

"Unataka kukata gari linalolisha watoto wangu."

"Sikati, Baba Eliya. Nalegeza mbele tu."

"Likivunjika, haya magunia utabeba kichwani wewe. Kutoka Moshi mpaka hapa." Kisha akanitupia ufunguo wa geti alikolaza lori.

Kazi ilituchukua siku tisa. Zile springi za mbele, vyuma bapa vinene vilivyopangana, tukazitoa. Kanjibhai akatafuta vyuma vya gari dogo, vyembamba na virefu, akavipiga motoni kimoja kimoja na kuvichovya kwenye oili. Mimi nikatengeneza shakeli ndefu, ile bawaba inayoning'iniza ncha ya springi kwenye chassis. Nikabadilisha na mipira ya breki nikaweka mirefu, maana gurudumu likishuka zaidi na mpira ni uleule unachanika. Hilo nawaomba vijana mlishike, kule kwenye uzi wenu sijaona hata mmoja aliyelitaja.

Gurudumu lililokuwa linacheza inchi tatu likawa linacheza saba.

Sasa kupima. Kanjibhai hakuwa na mashine. Alikuwa na kisahani cha chai, cha kaure, chenye mstari wa bluu. Anamimina chai kisahanini kama walivyozoea kunywa kwao, anakaa kabini na kile kisahani kwenye vidole vitatu, ananiambia niendeshe kwenye mtaro wa maji ya mvua. Chai ikimwagika, springi inarudi motoni.

Mara ya kwanza ilimwagika yote kwenye lile shuka jeupe. Mkewe alitusema wote wawili kwa Kigujarati, mimi sikuhitaji mkalimani. Mara ya pili ikamwagika nusu. Mara ya tatu tulipita mtaro wote, akaipeleka midomoni, akainywa.

"Chai iko yote," akasema. "Nenda leta mama."

Akanifungia kile kisahani kwenye kitambaa. Akasema nimpe mama akishike njiani, kisha nije kumwambia kama kilimwagika.

Tukaondoka alfajiri, Baba Eliya mwenyewe kwenye usukani, hakutaka mtu mwingine aguse. Wakuu, lile lori lilikuwa linaelea. Nilimwona Baba Eliya anatafuta mashimo makusudi. Mimi nimevimba kabini kama nimeoa jana.

Kwa mama nilibembeleza saa nzima. Mwisho akasema, "Kama ni mkono wako uliolitengeneza, haya." Tukamlaza nyuma, juu ya godoro na majani ya migomba.

Shimo la kwanza, nikasikia ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka mwili unasisimka.

Nikaruka nyuma kukaa naye. Shimo lililofuata lilinirusha mimi mzima wa afya nikajiuma ulimi.

Mmeshaelewa? Siku tisa nimetengeneza mbele. Kanjibhai kapimia mbele. Sisi wote tumekaa mbele tukajisifu. Na mgonjwa, kama kawaida ya wagonjwa wote wa nchi hii, analazwa nyuma. Nyuma sikugusa hata nati moja.

Mama akanishika mkono. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nirudishe, baba. Umejitahidi."

Hilo neno lilinikata kuliko angenitukana. Nilishuka nikasimama kwenye tope, sina la kufanya, na homa yake naisikia kiganjani.

Baba Eliya naye akashuka. Akazunguka lori, akatazama kabini, akatazama bodi ya mizigo. Kati ya kabini na bodi kulikuwa na turubai na ubao wa mbele, mninga mzito aliouchonga mwenyewe na kuuandika jina la mwanawe kwa rangi nyekundu. Alikuwa akiupangusa kila Jumamosi.

Akatembea mpaka nyumba ya karibu, akarudi na msumeno.

"Baba Eliya, huo ubao," nikamwambia.

"Shika huku, kijana. Ukinyooka, unakatika vizuri."

Akaukata katikati ya jina la Eliya. Tukang'oa kiti cha abiria, tukafungua turubai, tukaomba kitanda cha kamba tukakikata miguu. Kikaingia chote, kichwa cha mama karibu na kiwiko cha dereva, miguu kule kwenye bodi. Nyonga yake ikawa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na mtu yeyote aliyewahi kupanda lori anajua katikati ndiko kunakotulia. Mimi fundi sikulikumbuka. Muuza maharage ndiye aliyeliona.

Nikamimina maji kwenye kisahani, nikampa mama akishike kifuani. Nikakaa miguuni pake, macho yangu kwenye yale maji. Baba Eliya akaondoa gari polepole.

Shimo la kwanza, maji yakatikisika tu. La pili hivyohivyo. Mama anatazama juu, amebana midomo. Tukapita korongo, tukapita lile tope lililoshinda gari la wagonjwa.

Tulipokaribia Pugu kisahani kikapinduka. Maji yote yakamwagikia kwenye khanga yake.

Nikapiga kelele Baba Eliya asimame. Nikamwinamia mama, nikijua nimemuua.

Alikuwa amelala. Mkono ulikuwa umelegea kwa usingizi. Wiki zote hizo hakuwa amefumba macho kwa maumivu, na sasa anakoroma.

Baba Eliya akageuka akaona. Akavua koti lake akamfunika, akaondoa gari, na kuanzia hapo mpaka hospitali hakupiga honi hata mara moja.

Jioni nikaenda gereji. Kanjibhai aliniona mlangoni, akaweka nyundo chini.

"Ilimwagika?"

"Yote."

Uso wake ukasawijika. Nikamweleza kwa nini. Alikaa juu ya fuawe lake la kufulia chuma, akajifuta macho kwa lile shuka jeupe, na siku hiyo likapata doa.

Mama alitembea tena, kwa mkongojo. Aliuona uhuru, akawaogesha wanangu wawili wa kwanza. Baba Eliya hakuubadilisha ule ubao. Aliendelea kubeba maharage na jina la mwanawe likiwa nusu, mtu akimwuliza anasema limetosha.

Nilichojifunza hakihusu springi. Kabla hujashika spana, kapande mahali atakapokaa yule unayemtengenezea, uone anachokiona. Mimi nilikaa pazuri nikadhani gari lote ni zuri.

Mama, Baba Eliya, Kanjibhai, wote wametangulia. Kisahani ninacho, kimepasuka ukingo, nakinywea chai asubuhi hii.

Haya, mnaokijua chuma semeni nilipokosea. Na wewe uliyeinua gari lako juzi ukatuwekea picha, tuambie: nyuma anakaa nani?