Honi ya Krismasi Pale Kigongo

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa kituo cha kivuko cha Kigongo alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akauliza kama mwanamke ataweza kuinua mlango wa pantoni. Nahodha ndiye aliyejibu, mimi nikiwa bado natafuta maneno. "Mlango unainuliwa kwa winchi, bwana. Hauinuliwi kwa ndevu." Nikakabidhiwa mlango ule, na sikuuacha hadi nilipostaafu.

Ninyi mnaopita darajani leo huenda hamjui mlango wa pantoni ni kitu gani. Ni bamba la chuma mbele ya kivuko. Linashushwa gatini magari yapite, kisha linainuliwa ndipo safari ianze. Malori mazito tuliyapanga katikati na magari madogo pembeni, la sivyo chombo kinalala upande. Nikishauinua, nilipaza sauti, "Mlango juu, Nahodha," naye alijibu kwa honi. Kabla ya honi hiyo hakuna kamba iliyofunguliwa.

Honi hiyohiyo ndiyo ilikuwa do yetu, sauti ya kuanzia wimbo. Kila mkesha wa Krismasi, foleni ya wanaokwenda kwao Geita na Sengerema ikiwa ndefu na watoto wamechoka, sisi mabaharia tuliimba nyimbo za Noeli tukivuka. Kinanda hatukuwa nacho. Honi ikilia, Fundi Mkuu wa mitambo aliidaka kwa sauti ya nne, ile nzito, nasi wengine tukapanda juu yake. Abiria Waislamu walipiga makofi pamoja na Wakristo. Msimamizi mmoja aliyekuja baadaye alitukataza, akisema kivuko si kanisa. Tukamwitikia ndiyo mzee, tukaimba.

Mwaka jana ulitupiga. Daraja lilifunguliwa, nami silichukii, maana nimeshuhudia wajawazito wakijifungulia kwenye foleni. Lakini pantoni iliondoka na sisi tukatawanyika, wengine Ukerewe, wengine mashambani. Fundi Mkuu tulimzika wakati wa kiangazi. Kisha Nahodha akapata kiharusi, mdomo ukapinda, maneno yakampotea yasirudi. Desemba ilipofika wenzangu wakasema Krismasi hii tupumzike. Anayepumzika ni aliyechoka. Mimi nilikuwa na hasira.

Nikaenda nyumbani kwa Nahodha, hapohapo Kigongo. Nilimkuta ameketi akitazama ukuta. Nikamwamkia, akanyanyua mkono tu. Mkewe akanivuta pembeni.

"Mama Kulwa, hataki kuonekana. Watu watamcheka."

"Wacheke, meno ni yao. Mimi namtaka gatini."

Nilisema kwa sauti ili asikie. Nahodha akaonyesha kofia yake ya kazi iliyoning'inia msumarini.

Basi mkesha ulipofika, jua likiwa bado lipo, tulikutana kwenye gati tupu, wale tuliopatikana. Nahodha tulimwekea kiti mbele, mkewe kando yake. Tukaanza wimbo, tukaanzia juu mno, ukatukatikia kooni. Tukaanza tena, tukazama. Sauti ya nne haikuwepo, na kila mtu alikuwa na do yake. Wakaanga samaki wa kando ya gati wakacheka. Kijana mmoja akatushauri tuweke wimbo kwenye simu. Baharia mwenzangu akaanza kukusanya viti, na Nahodha akainamisha kichwa. Nikaona tukiondoka hivi, mtu huyu hatatoka tena nyumbani kwake.

Nikasimama ukingoni mwa gati, pale mlango ulipokuwa ukishushwa siku zote, nikapaza sauti ileile ya kazi.

"Mlango juu, Nahodha."

Akainua kichwa. Akavuta pumzi, na katika mdomo ule uliopinda ikatoka honi, nene, ndefu, do yetu yenyewe. Mkewe akaanza kulia. Sisi hatukungoja, tuliingia wote kwa pamoja, na safari hii wakaanga samaki waliacha vikaango wakaja.

Watu huniuliza kama kustaafu si upweke. Upweke upo, sikatai. Nahodha bado hawezi kusema jina langu, lakini kila jioni napita kwake nampazia ile sauti ya mlango, naye ananijibu kwa honi. Krismasi ijayo njooni Kigongo, na anayedhani tumekwisha asimame mbele kabisa, karibu na honi.