Maji ya Amos Tidcombe

Mama yangu, Keziah Hobley, alimkaripia baba yangu miezi mitatu mfululizo kabla hawajachumbiana. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningemmwagia ndoo.

Hapa Netherwend kijito ni kimoja, vinu vya maji viwili. Cha juu kilikuwa cha Amos Tidcombe. Cha chini aliachiwa mama, babu aliposhindwa na ngazi za kinu kwa sababu ya magoti. Kila jioni Amos alifunga lango la maji ili bwawa lake lijae, na asubuhi mpaka afungue yeye ndipo maji yateremke kuzungusha gurudumu la mama. Ndivyo walivyoishi tangu enzi za babu zao, na hakuna aliyelalamika, mpaka kinu cha juu kikarithiwa na mpenda usingizi.

Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Wakulima wamekalia magunia yao ya ngano wakimkodolea mama macho. Mmoja akageuza mkokoteni, akaenda kusagisha bonde la pili. Wiki iliyofuata wakaondoka watatu. Mama akajua kwamba mambo yakiendelea hivyo, mavuno yatamkuta kinu kimefungwa na yeye anasugua sakafu za watu.

Basi akapanda kilima, akagonga dirisha la Amos kwa fagio.

"Amos, umekufa au unajifunza kufa?"

"Nakuja, Keziah."

"Ndivyo ulivyosema jana. Watu wanataka mkate, wewe umekumbatia blanketi."

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila siku: maili nzima kupanda, maneno makali dirishani, maili nzima kushuka.

Asubuhi moja ya Juni akawahi kuliko kawaida. Akamkuta Amos amekaa dirishani, ndevu kanyoa, koti la kanisani mwilini, anaitazama njia. Lango la maji limefungwa.

"Umeamka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na jana?"

Amos akainamia buti zake. "Alfajiri."

"Sasa maji umeyafungia nini?"

"Nikiyafungua, hutakuja."

Mama aliniambia alitamani kumtupa bwawani na koti lake. Badala yake akamwambia: "Wateja wangu wamebaki wanne, Amos. Wewe unacheza, mimi nafunga kinu." Akashuka bila kuaga. Amos hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja, na aliona aibu ya kweli.

Kesho yake, kabla hata jua halijatoka, gurudumu la mama likaanza kuzunguka lenyewe. Hajamaliza kufunga aproni, Amos huyo mlangoni, anahema, suruali imelowa mpaka magotini.

"Nimekuja kuuliza kama maji yamefika."

Gurudumu lilikuwa likinguruma hapo hapo nyuma yake, ilibidi apige kelele ndipo asikike. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Bado sijayaona," akasema. "Kaa hapo tuyangoje."