Mashavu Aliyoyafuta Lindroos

Ulipokutana na Helvi Rautiola kwa mara ya kwanza, macho yako yalikwenda moja kwa moja kwenye shavu lake la kushoto. Alikuwa na alama ya kuzaliwa, nyekundu iliyokolea, iliyoanzia chini ya jicho ikashuka mpaka kwenye taya. Yeye alijua unatazama nini. Alikunja mikono akakungoja.

"Umemaliza?" aliuliza. "Haya, sasa tuongee."

Mimi na Helvi tulipiga pasi mashuka ya hospitali pamoja kwa miaka ishirini na sita, hapa mjini kwetu Kemi, huku kaskazini kwenye theluji. Mashine yetu ya pasi ilikuwa ndefu kama meza ya harusi, yeye akisimama upande huu na mimi upande ule. Kwa miaka yote hiyo sikumsikia akilalamika juu ya uso wake hata siku moja. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Helvi hakutaka kusikia jina lake likitajwa, naye ni Veikko Lindroos, mpiga picha mwenye studio kwenye barabara ya sokoni.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1974, Helvi alipokuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa amepata kipaimara, na Lempi, mama yake, akampeleka kwa Lindroos kupigwa picha na kanzu yake nyeupe. Wakati huo hakukuwa na kompyuta. Lindroos alirekebisha picha kwa mkono, kwa brashi nyembamba na rangi, na alikuwa fundi kwelikweli. Akalifuta lile shavu, likabaki laini kama la mtoto wa kwenye kopo la maziwa.

Laiti angeishia hapo. Wiki iliyofuata aliziweka picha mbili dirishani mwa studio, zikielekea barabarani. Chini ya moja aliandika "Kabla", chini ya nyingine "Baada". Helvi alizikuta akitoka shule, akiwa na wenzake. Tangu siku hiyo mpaka alipomaliza masomo, shuleni hakuitwa Helvi tena. Aliitwa Kabla.

"Kabla, njoo hapa! Kabla, Baada amekwenda wapi leo?"

Nyumbani nako mama yake aliitundika ile "Baada" sebuleni, juu ya redio, ikakaa hapo miaka thelathini na minne. Wageni walikunywa kahawa chini ya binti asiyekuwepo, na binti aliyekuwepo ndiye aliyewamiminia.

Lempi alipofariki nilikwenda kumsaidia Helvi kumvika. Tulipomaliza alikwenda sebuleni, akaitoa ile picha ukutani, akaiweka ndani ya jeneza juu ya kifua cha mama yake.

"Mwache aende na binti yake," akasema.

Nikadhani limekwisha. Sikumjua vizuri.

Mwaka 2015 studio ya Lindroos ilitimiza miaka hamsini. Mzee alikuwa na miaka sabini na saba, amenyooka, amejaa sifa zake. Mwezi wa tatu tulikuwa tunatoka kazini, theluji imeanza kuwa tope, tukakuta watu wamesimama mbele ya dirisha lake. Alikuwa amezitoa kabatini jozi zake za zamani, kumi na moja, akazipanga chini ya bango: "Miaka Hamsini ya Kuupendezesha Mji Wetu". Jozi ya katikati ilikuwa ya Helvi. Kabla na Baada, yeye na kanzu yake.

Yangu ilikuwa pembeni. Ndiyo, hata mimi. Nina meno yaliyotangulia mbele, na mwaka 1979 Lindroos alinifunga mdomo kwa brashi kwenye picha yangu ya harusi. Kwa kweli nilipoiona dirishani nilicheka tu.

Helvi hakucheka. Alisimama mpaka wale watu wengine wakaondoka.

"Sirkka," akaniambia, "sherehe yake ni lini?"

"Bango linasema tarehe ishirini na mbili mwezi wa nane."

"Miezi mitano. Inatosha."

"Inatosha kufanya nini?"

"Kumwaibisha."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia shuka limechanika.

Sasa, Helvi alikuwa na kamera. Miaka mitatu nyuma alijiandikisha kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, darasa la upigaji picha, na sisi tukamtania kwamba anatafuta mume. Alipiga picha za vibanio vya nguo, sufuria, ndoo. Hakuna aliyemchukulia kwa uzito. Kumbe mikono yake ilikuwa ikijifunza kuushika mwanga wakati sisi tunacheka.

Aliwatafuta wote wa dirishani. Kati ya wale kumi na mmoja, wawili walikuwa wamefariki na wawili hawakutaka kusumbuliwa. Tukabaki saba, pamoja naye. Alituita mmoja mmoja jikoni kwake, akafunika dirisha kwa blanketi, akawasha taa moja. Kabla ya kugusa kamera alikaa nawe mezani, akakuuliza maisha yako, akakuacha useme mpaka kahawa ipoe. Kisha alisimama na kufungua makabati.

"Lindroos alitazama kilicho juu," alisema. "Mimi natafuta kilicho ndani, na kitatoka kwa vyombo vya jikoni, si kwa brashi."

Pentti Kuoppala, dereva wa gari la kuzoa theluji, ana makengeza. Mke wake alipopooza, Pentti alimlisha kwa mkono wake miaka tisa. Helvi alimpa kijiko cha supu, akamwambia afunike nacho jicho lile zima. Likabaki la kengeza peke yake, likikutazama bila kukwepa, na kwenye mgongo wa kijiko mwanga wa taa ukang'aa, mdogo na mpole. Pentti alipoiona ile picha alitoka nje, akakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu.

Orvokki, mwenye masikio makubwa ambayo Lindroos aliyaficha chini ya nywele za kuchora, alikuwa amejitolea miaka thelathini kupokea simu za watu waliotaka kujiua. Helvi alimshikisha vikombe viwili vya kahawa masikioni. Nikisimulia hivi inaonekana kama mzaha. Lakini uitazame ile picha: mwanamke amefumba macho, vikombe masikioni, na unaona kabisa kwamba kuna mtu ambaye yeye anamsikiliza.

Mimi alinivika kichwani bakuli la matundu la kuchujia tambi, akaliinamisha mbele, akaweka taa juu yake. Mwanga ukapita matunduni ukanimwagikia usoni vidoadoa kama theluji ya kwanza.

"Sasa cheka," akasema.

"Nicheke nini, nimevaa chombo cha tambi?"

"Hicho ndicho ukicheke! Wewe unacheka hata ukifiwa. Kicheko ndicho kilicho ndani yako, na yule mjinga akakifunga mdomo."

Nikacheka mpaka mbavu zikauma, meno yote nje. Sijawahi kupigwa picha nzuri kuliko ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Picha yake mwenyewe aliipiga peke yake. Alichukua chupa ya jamu ya matunda mekundu ya msituni, akaiweka mbele ya taa, akasogeza uso. Wekundu ukamwenea paji, pua, mashavu yote mawili, shingo. Alama haikufutika. Uso wote ndio uliochukua rangi yake. Ungedhani ameumbwa kwa rangi hiyo, na sisi wengine ndio tuliopauka.

Nikamwambia ni nzuri sana.

"Si ya kupendeza watu hii," akasema. "Ni ya kumchoma mtu."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na studio, palikuwa na duka la viatu lililofungwa, na manispaa ilikuwa ikiwapa wasanii madirisha matupu. Helvi aliomba la hapo kwa mwezi wa nane. Tulitundika picha saba kubwa, kila moja urefu wa mlango, tukazifunika kwa mashuka mabovu tuliyopewa kazini. Chini ya kila moja aliandika kwa mkono wake. Ya Pentti ilisema: "Jicho hili Veikko Lindroos alilifuta mwaka 1981. Bado linaona." Yangu: "Meno haya Veikko Lindroos aliyafuta mwaka 1979. Bado yanacheka." Ya kwake haikuwa na maelezo marefu: "Helvi Rautiola. Kabla, baada na sasa."

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali. Lindroos alitandika meza barabarani, keki ya malai, kahawa, mpiga kinanda. Walikuja watu kama mia moja. Mwenyekiti wa wafanyabiashara alisema maneno yake, na aliposema "mtu aliyeuonyesha mji huu uzuri wake", Helvi, ndani ya duka la viatu, alivuta kamba. Mashuka yakaanguka yote kwa pamoja.

Kwanza aligeuka mtoto mmoja mdogo, akamvuta bibi yake. Kisha wakageuka wawili, watano. Wakaanza kuvuka barabara na vikombe mkononi. Wakasoma. Wakageuka kutazama dirisha la Lindroos, wakarudi kutazama letu. Mwenyekiti alibaki anahutubia keki. Mpiga kinanda aliendelea mpaka mwisho wa wimbo, kisha naye akavuka.

Nilimtazama Helvi. Nilitarajia atatabasamu. Alikuwa akiwahesabu wanaovuka, midomo ikitikisika.

Mzee alikuja wa mwisho. Aliingia ndani ya duka, akasimama mbele ya Helvi.

"Helvi, ziondoe hizi."

"Bibi Rautiola kwako."

"Umeniharibia siku yangu. Miaka hamsini ya kazi! Nitakushtaki."

"Nishtaki. Mwambie hakimu mashavu yamekutukana."

Pentti akacheka mlangoni. Mzee akageuka kumtazama, kisha akamrudia Helvi, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini.

"Unadhani nilikuwa nakuchukia? Mama yako ndiye aliyeniomba. Lempi alikuja peke yake siku moja kabla ya picha. Alisema, 'Ifute ile alama, nimwone bila hiyo angalau mara moja.' Hata kuziweka dirishani, yeye ndiye aliyeniruhusu. Alikuwa anakuja kuitazama. Anasimama pale nje, na mfuko wake wa soko."

Nikatamani ardhi inimeze. Watu waliokuwa mlangoni walitazama viatu vyao.

Helvi hakusogea. Shavu lake lilikuwa limeiva kuliko kawaida.

"Mama yangu amekufa," akasema. "Wewe bado upo."

"Unataka nini kwangu?"

"Kesho saa nne asubuhi ulete filamu zote za picha zile. Za Kabla na za Baada, zetu sote kumi na mmoja. Ukileta, mwisho wa mwezi nazishusha hizi. Usipoleta, naomba dirisha hili mpaka Krismasi."

Jioni ile tulikaa jikoni kwake. Nikamwambia pole kwa habari ya mama.

"Pole ya nini? Nilijua. Nilimwona kwa macho yangu amesimama pale. Nikavuka nikapita upande wa pili, asinione."

"Kama ulijua, mbona mzee peke yake ndiye uliyemlipiza kisasi?"

"Nani amekuambia ni yeye peke yake?" akasema, akanisogezea sukari. "Wewe ulikuwepo siku ya jeneza."

Nikakoroga sukari, nikainywa ile kahawa. Nilimpenda Helvi, nampenda mpaka leo, lakini jioni ile nilimwogopa kidogo.

Lindroos alileta filamu, saa nne kamili, ndani ya sanduku la viatu. Aliliweka sakafuni akaondoka bila salamu. Helvi alizigawa zote kwa wenyewe, na za wale wawili waliofariki akazipeleka kwa watoto wao. Nilipomwonyesha mume wangu picha yetu ya harusi ambayo haikuguswa, aliitazama sana akasema, "Kumbe hata siku ile ulikuwa na meno."

Ya kwake Helvi aliisafisha mwenyewe. Msichana wa miaka kumi na mitano, shavu jekundu, anatabasamu kwa sababu hajaambiwa bado chochote. Aliitundika sebuleni, juu ya redio ileile. Ile filamu ya "Baada" aliikata vipande kwa mkasi wa kukatia samaki.

Wapo waliosema amevuka mpaka, kumfanyia vile mzee kwenye siku yake. Studio ilifungwa kabla ya majira ya baridi kwisha. Huku nyuma watu walianza kubisha mlango kwa Helvi: mwanamke aliyekatwa titi, kijana mwenye chunusi, bwana mmoja asiye na mkono. Kila Alhamisi aliwakalisha jikoni, akawasikiliza, kisha akafungua makabati yake. Alikuwa mvumilivu kwao, mpole kuliko nilivyowahi kumwona mahali pengine popote.

Lindroos alifariki mwezi wa kumi mwaka 2017. Asubuhi ya mazishi tulikuwa zamu. Nikamuuliza Helvi kama tutaomba ruhusa.

"Nina mashuka mia mbili hapa," akasema. "Nenda wewe. Ukirudi uniambie walikuwa wangapi."

Nikaenda. Mvua ilinyesha, mchungaji alifupisha. Nilirudi kabla ya chakula cha mchana, nikavaa aproni yangu, nikashika ncha ya shuka upande wangu.

"Kumi na wanne," nikamwambia. "Pamoja na mimi."

Helvi aliivuta ncha yake, akainyoosha, akaiingiza kwenye mashine.

"Wengi," akasema.