Koti Kwenye Benchi na Goti la Kushoto

Mpaka leo sijui yule jasusi alipanda treni au hakupanda. Nimeitazama sehemu ile ya mwisho mara nne, mbili kwenye televisheni ya nyumbani kwetu Ushirombo na mbili kwenye simu yangu huku Shinyanga ninakofundisha, na kila nikimaliza najikuta najua kidogo kuliko nilivyoanza. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Swali lisilo na jibu hunipandisha hasira, na wanafunzi wangu wanalijua hilo vizuri. Sasa sielewi kwa nini tamthilia ya kigeni, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na watu wanaosahau hata kukohoa pale mwigizaji anapokohoa, bado inaninyima raha.

Aliyeniingiza humo ni baba. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na kwa miaka miwili alikuwa akiona mwanga wa mlango na vivuli vya watu, basi. Tamthilia aliifuata kwa masikio. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, wakati wa marudio, alikaa kwenye kiti chake cha mbao, na pembeni yake, kwenye kigoda, akakaa rafiki yake ambaye sisi watoto tulimwita baba mdogo, ingawa hakuwa na undugu wowote nasi.

Kazi ya baba mdogo ilikuwa kumwambia baba picha. Aliifanya kwa namna ya kumchosha kila mtu mwingine chumbani. Wenzake tunataka kusikia jasusi anaambiwa nini, yeye anaeleza kwamba ameingia mwanamke, viatu vyekundu, kisigino kimoja kimelegea, na nyuma yake kuna ukuta uliobanduka rangi. Tukimlalamikia, baba anatunyamazisha sisi. Na pale ambapo baba mdogo alikuwa amegeuka kupiga chafya, alisema bila aibu, "Hapo sikuona," akaendelea na mengine.

Walizoeana hivyo tangu ujana, walipokuwa wakichimba dhahabu Nyarugusu. Baba ndiye aliyekuwa akishuka kwenye duara, ule mgodi wa shimo wa wachimbaji wadogo, na baba mdogo akabaki juu ameshika kamba. Baba alituambia mara nyingi kwamba ukiwa kule chini, vinavyokufikia kutoka juu ni udongo na sauti ya mtu mmoja. Siku moja walikuwa wamefikia mwamba wenye dalili nzuri, mawingu yakatanda, na baba mdogo akampigia kelele kwamba mvua inakuja, nayo mvua huangusha kuta za duara, huku akijua atatukanwa. Alitukanwa kweli, na baba akapanda. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi mpaka nilikuwa naikwepa.

Wiki tatu kabla ya tamthilia kwisha, baba mdogo alikwenda Nkome kumsalimia binti yake, anayeanika na kuuza dagaa kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa mitumbwi inakofikia. Akaugua ghafla, na siku ya nne akafariki.

Wakati huohuo baba alikuwa ametoka kurudishwa na daktari wa macho kwa sababu presha yake ilikuwa juu mno. Alipewa dawa na tarehe nyingine ya upasuaji, naye akaapa kwamba wakimrudisha tena hatakanyaga hospitali maisha yake yote. Mama akaamua: baba asiambiwe habari ya msiba mpaka bandeji zitoke machoni. Kaka yangu akakubali. Nami nilikubali, tena, nisijifiche nyuma ya mama, uongo wenyewe niliutunga mimi.

Niliwakalisha jikoni nikawafundisha. Yuko Nkome kwa binti yake, anauguza goti la kushoto, na simu yake imeangukia ziwani. Hilo neno kushoto lilikuwa langu. Niliona kwamba jambo likiwa na kipimo linaaminika zaidi, na nilijisifu moyoni. Niliwakaririsha tena na tena mpaka kaka akakasirika, akaniuliza kama atapewa na cheti.

Nilikwenda Nkome kuzika, nikamwambia baba nimeitwa kwenye semina. Mama alitoa betri kwenye redio baba asije akasikia matangazo ya vifo. Waliokuja kutoa pole walizuiwa nje, kwenye ua wa minyaa, wakanong'onezwa na kurudishwa. Baba akiuliza, alijibiwa kuhusu goti.

Jumamosi ya sehemu ya mwisho nilikuwa nyumbani, kwa sababu Jumatano yake ndiyo ilikuwa tarehe ya upasuaji na mimi ndiye wa kumpeleka. Kigoda cha baba mdogo kilikuwa palepale pembeni ya kiti chake. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Mama na kaka walikaa kwenye kochi, mimi nikakaa sakafuni karibu na miguu ya baba, nikapewa kazi ya kuwa macho yake.

Niieleze kidogo hadithi yenyewe. Jasusi alikuwa ameishi miaka mingi katika mji wa watu kwa jina la bandia, akijifanya fundi saa. Mtu mmoja tu duniani alijua yeye ni nani hasa: rafiki yake wa zamani, aliyekuwa akimletea maagizo. Swali lililotuweka roho juu kwa miezi lilikuwa moja, kama rafiki huyo amemuuza kwa maadui au bado ni wake. Tulikuwa tumeahidiwa kwamba siku hiyo tungejua.

Kumbe dakika kumi za mwisho hakuna anayesema neno. Ni stesheni ya treni, muziki, na watu wawili wamekaa kwenye benchi. Wanatazamana. Rafiki anaweka kikombe chini. Jasusi anavua koti, analiweka kwenye benchi katikati yao. Treni inapita mbele yao, behewa baada ya behewa, na inapokwisha kupita, wote wawili hawapo, limebaki koti. Halafu majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Imekuwaje?" baba akauliza.

Nilikuwa nimeduwaa, mdomo wazi, na sikuwa nimemwambia hata nusu ya hayo. Nikasema rafiki amemuokoa. Mama akasema si kweli, jasusi ametoroka peke yake na treni, na yule rafiki ni msaliti tangu mwanzo, yeye mama alimjua kwa jinsi anavyotazama. Kaka akasema wote wawili wamekufa, koti lilikuwa na damu. Mama akamuuliza damu gani. Kaka akasimama kuonyesha begani pake mahali damu ilipokuwa. Tukagombana kwa sauti mpaka mbuzi waliokuwa uani wakasogea.

Baba aliuliza jambo moja tu, koti lilikuwa rangi gani. Nikasema nyeusi, mama akasema kahawia, kaka akasema ya kijivu. Baba akatikisa kichwa. Alisema mwenzake angeliona, na sisi tukatazamana.

Nilidhani nikimpatia jibu la uhakika nitakuwa nimemfidia kitu fulani, sijui nini. Jioni nikauliza kwenye kundi la walimu wenzangu kwenye simu, na nikajuta. Mwalimu wa Kiingereza aliandika maelezo marefu kuthibitisha kwamba jasusi na rafiki walikuwa mtu mmoja tangu mwanzo. Mwalimu wa michezo akatuma ujumbe wa sauti wa kumcheka. Wakaanza kukumbushana miisho mingine iliyowahi kuwatesa: tamthilia ambayo mambo yote yalikuwa ndoto ya mwanamke aliyelala hospitalini, nyingine ambayo muuaji alikuwa pacha ambaye hajawahi kutajwa hata mara moja. Mhasibu wetu alikiri kwamba kuna moja umeme ulimkatikia dakika tano kabla ya kwisha, na mpaka leo amekataa kuambiwa ilivyokwisha, kwake yeye wale wawili walioana.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa kinyozi karibu na soko, ambako niliambiwa ndiko wanakokaa wajuzi. Walikuwa wanne na walikuwa na maoni matano. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, aliyekuja kutoka Nyarugusu na kichwa chake kikiwa kimenyolewa upande mmoja, aliinuka kitini na shuka la kinyozi shingoni ili atuonyeshe jinsi rafiki alivyoweka kikombe. Alisema mtu akiweka kikombe namna ile amekwisha kukuuza. Kinyozi akasema yeye mwenyewe huweka kikombe namna ile kila siku. Nilitoka pale kichwa kikiniuma.

Nilimpelekea baba yote hayo. Aliniuliza nimewauliza watu wangapi, nikasema kumi na mmoja. Akauliza miisho imekuwa mingapi, nikasema saba, labda nane. Alicheka sana, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba mdogo aondoke, kisha akakikatisha ghafla, akaomba chai.

Jumatatu nilimsikia akimuuliza kaka habari za baba mdogo, kaka akiwa ananoa jembe nyuma ya nyumba. Mchana akamuuliza mama. Jioni nilipokuwa namkata kucha akaniuliza mimi, na nilijibu bila kukwama hata mahali pamoja. Alishukuru.

Jumanne asubuhi, begi la hospitali likiwa tayari mlangoni, alituita sote watatu sebuleni.

"Nimewauliza habari ya jasusi," alisema. "Watu watatu, mmekaa chumba kimoja, mnatazama kitu kimoja, mmenipa miisho mitatu na mkataka kupigana. Nimewauliza habari ya mwenzangu, mmoja mmoja, mmenipa maneno yaleyale. Goti la kushoto. Mama yenu amekaa na mimi miaka arobaini, hajui mimi naumwa goti lipi."

"La kulia," alisema mama kwa sauti ndogo, akikisia, masikini.

"Nani amewafundisha?"

Miaka kumi na miwili nimekuwa nikikamata watoto wanaonakiliana mtihani. Sihitaji kuwaona. Nikikuta karatasi tatu zenye njia ileile na kosa lilelile, naita watoto watatu ofisini. Nilikuwa nalijua hilo kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na nyumbani kwetu sikuliona.

"Ni mimi, baba."

"Amekufa?"

"Ndiyo, baba."

Alivua kofia akaiweka juu ya goti. Mama alianza kulia, akaanza kueleza habari ya presha na daktari, baba akamwambia anajua, hana ugomvi naye. Upasuaji ulifanyika siku mbili baada ya tarehe, kwa sababu presha ilipanda kama mama alivyohofia, na macho yakapona. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hilo. Nilichojua ni kwamba baba yangu yuko gizani na sisi tuliokuwa juu tulimwambia hakuna mvua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Akaniuliza kama ile semina ndiyo ilikuwa mazishi. Nikakubali.

"Basi niambie."

Nikaanza. Nikasema alizikwa kwa heshima zote, watu walikuwa wengi, padri aliongea vizuri. Baba akanyanyua mkono kunizuia.

"Ng'wanone," alisema, na yeye hatuiti mwanangu kwa Kisukuma ila neno likiwa zito, "sikukuuliza maana yake. Niambie ulichoona."

Nikamwambia vanishi ya sanduku ilikuwa haijakauka vizuri, niliposhika kidole kilinata. Nikamwambia binti wa marehemu alivaa kanga ya njano, ameivaa ndani nje na hakuna aliyemwambia. Dagaa walikuwa bado wameanikwa mchangani, hakuna aliyewageuza siku hiyo, na harufu ilitufuata mpaka kaburini. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, sita, mmoja umepakwa rangi ya bluu upande mmoja tu. Makobazi yake ya tairi yaliachwa mlangoni, la kulia limeisha kisigino kuliko la kushoto. Kila nilipotaja kitu baba aliitikia kwa kichwa, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Kamba alishika nani?"

Nikasema wavuvi wanne, mmoja fulana ya kijani, mmoja mzee mwenye kidole kilichokatika. Wengine wawili siwakumbuki.

"Walimshusha taratibu?"

Nilijua jibu analolitaka. Lilikuwa jepesi, neno moja, na huenda hata lilikuwa kweli. Mama alinitazama, akinisihi kwa macho nilitoe.

"Hapo sikuona, baba," nilisema. "Nilifumba macho."

Baba akanyoosha mkono, akapapasa pembeni mpaka akakipata kigoda, akakivuta karibu yake na kuniambia nikae.