Mfereji Nilioziba Luhira

Mwanangu, siku ile ya kumwaga zege haijanitoka kichwani, na kila nikiikumbuka naona uchungu kama wa jana.

Unaijua ile baa yenye ukuta kando ya mto Luhira, ambako mlinzi anawafukuza mkienda kuchota maji? Pale palikuwa na jengo la kinu, la matofali ya kuchoma. Maji ya mto ndiyo yaliyozungusha mawe ya kusagia mahindi. Baba zetu walilijenga kwa mikono yao. Lilipokuja soko huria, ushirika uliokimiliki kinu ukafa, mashine za dizeli zikajaa mtaa wa Majengo, kinu kikabaki cha popo. Mfanyabiashara mmoja akalitaka jengo. Wakubwa wakatuambia: mkilitengeneza likafaa watu wote kabla mvua hazijaisha, ni lenu. Mkishindwa, linauzwa.

Tulitaka liwe kliniki ya akina mama na watoto. Wanawake walibeba mchanga kichwani kila Jumamosi, na dada yangu, shangazi yako, alibeba akiwa na mimba. Fundi nilikuwa mimi, nimetoka tu kujifunza uashi, sifa zimenijaa.

Mzee Ngonyani, aliyeendesha kinu tangu ujana wake, alinikuta naziba mfereji uliopita chini ya jengo. Nilitaka sakafu moja iliyonyooka, ya kisasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hapo unapoziba ndipo mto unapopita ukijaa. Sisi kila mwaka kabla ya mvua tuliingia humo na majembe, tukazoa matope."

"Lakini kinu hakisagi tena, mzee. Mfereji wa nini?"

"Kinu hakisagi, ila mto bado unashuka."

Nikacheka, tena mbele ya wanawake. Nikamwambia akapumzike nyumbani, kazi ina wenyewe. Alichukua fimbo yake akaondoka, nami nikamwaga zege. Naona aibu hata kukusimulia.

Mvua zilipokolea, Luhira ukajaa kama ilivyo kawaida yake. Maji yakafika kwenye mfereji, yakakosa njia, yakachimba msingi siku tatu. Ukuta wa upande wa mto ukaanguka, sakafu yangu ikapasuka katikati. Wakubwa wakaja, wakatazama, wakauza. Walikuwa wanatafuta sababu, hilo nalijua, lakini sababu niliwapa mimi.

Nilikwenda kwa Mzee Ngonyani kuomba radhi. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Waliobeba mchanga kawaombe mwenyewe." Niliwafuata mmoja mmoja. Wengi walinijibu. Shangazi yako hakunijibu mpaka tulipomzika.

Sasa nasikia mmepewa lile ghala la zamani la tumbaku mlifanye maktaba, na fundi ni wewe. Kabla hujashika mwiko, mtafute mtu aliyefanya kazi humo, hata kama haoni tena, umuulize kila tundu lilikuwa la nini. Asipoeleweka, rudi kesho umuulize tena. Na usimcheke.

Mungu akupe masikio, mwanangu. Jengo lako lisimame, na wajukuu zako waingie humo bila kumwomba mlinzi ruhusa.